Paswedi ulizozikalia ndizo zinazokubakiza palepale

Kwanza niseme, haya ni maelezo ya elimu kwa umma kutoka kitengo chetu cha TEHAMA hapa Arusha, sio tangazo la ajira wala majibu ya rufaa ya mtu yeyote, kwa hiyo naomba usije ukaprinti ukampelekea bosi wako. Nimeamua kuandika maana tangu usaili wa juzi malalamiko ya mafundi wa kompyuta yamezidi na karibu yote ni wimbo mmoja: miaka nane kazini, miaka tisa, niko palepale, wanaopanda ni wenye ndugu huko juu. Siwezi kusema kubebana hakupo, sijazaliwa jana. Lakini mimi nakaa kwenye hivyo vikao vya usaili na kuna jambo naliona kila mara ambalo sijawahi kusikia mtu akilalamikia.

Watu wamekalia paswedi.

Alikuja kijana mmoja, fundi wa kampuni ya utalii huku Njiro, kazi anaijua kabisa, hilo halina ubishi. Tukamuuliza majukumu yake akajibu kwa kujiamini, "Bila mimi pale hakuna kinachotembea." Domeni ya kampuni, yani jina lake la mtandaoni, ameisajili kwa imeili yake binafsi, akaunti ya msimamizi wa seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, ni yake peke yake, hata rauta ya mapokezi akiumwa malaria hakuna wa kuigusa. Yeye anaona hiyo ndio kinga ya ajira. Sasa jamani mwajiri wako akusogeze vipi, akikutoa hapo panabaki shimo, akikupeleka kozi ya wiki tatu mwezi wa saba wageni wamejaa nani atabaki? Matokeo yake anakusifia tu, "fundi wetu", halafu meneja wa TEHAMA anamleta kutoka nje, mtu ambaye hata kubana kichwa cha waya wa mtandao hawezi, na wewe ndio unamuonyesha choo kiko wapi.

Mimi nikamuuliza swali langu la siku zote, bakapu, yani nakala ya akiba ya data, mara ya mwisho uliirudisha lini? Sio uliichukua lini, uliirudisha ukaona inafanya kazi. Kimya. Baadae akasema, "Bakapu zipo mheshimiwa, ziko kwenye diski ngumu nyumbani." Nyumbani! Yani nakala za pasipoti za wageni wa watu ziko Ngaramtoni kwenye kabati la vyombo, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Na hapa naomba tuelewane kuhusu sheria maana napata simu za ajabu sana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida uliyoipata, kinachozidi ndicho kinachofuatwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kifungu cha 5 ndicho wengi hamkisomi, kubaki kwenye mfumo baada ya muda wako wa ruhusa kuisha, faini isiyopungua milioni 1 au kifungo kisichopungua mwaka 1 au vyote viwili. Kwa hiyo ule mchezo wa machalii wa mjini, nimeacha kazi lakini bado naingia kuchungulia wanavyohangaika, una kifungu chake kabisa. "Lakini mfumo nimeutengeneza mimi" sio utetezi. Fundi aliyekujengea nyumba habaki na ufunguo.

Kinachotakiwa ni karatasi ya makabidhiano, na usisubiri siku ya kuondoka. Kila mfumo unakaa kwenye mstari wake: jina lake, uko wapi, akaunti ya msimamizi iko kwenye imeili ipi, malipo yanaisha lini, bakapu inakaa wapi na ilijaribiwa kurudishwa tarehe ngapi. Paswedi zenyewe huandiki humo, narudia huandiki, zinakaa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri au kwenye programu ya kutunzia paswedi ambayo mwenye ofisi ana ufunguo wake. Akaunti ziwe za cheo, sio za jina lako. Unatoa nakala tatu, zote zina saini na tarehe, moja unabaki nayo wewe. Ukiondoka, anayepokea anabadilisha paswedi mbele yako na unasaini kwamba huna tena. Kwa wa utalii, Aprili na Mei mvua zikinyesha na ofisi imepoa ndio wakati wake.

Ile nakala yako moja ndio ushahidi wa kazi yako, na watu wanaidharau. Kuna binti alitoka Moshi, uzoefu miaka miwili tu, akaja na kaunta buku limechakaa kona zote. Nikalifungua katikati: printa ya mapokezi haichapi, umeme ulikatika jana usiku, printa imepewa namba nyingine ya mtandao, nimeifungia namba yake kwenye rauta, haijarudia. Mistari mitano. Kurasa na kurasa za namna hiyo, na kuna sehemu ameandika "nilikosea, nikamuuliza kaka wa intaneti". Yule fundi wa Njiro hakuwa na hata ukurasa mmoja. Mnataka tuwape alama kwa kuangalia nini, sura?

Walioko serikalini ni hivyo hivyo. Tangu PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, ichukue nafasi ya OPRAS ya zamani naona mtu anajaza "kusimamia mifumo ya TEHAMA", wiki zote hivyo hivyo, halafu anashangaa kubaki Daraja la II. Andika ulichofanya: mifumo mingapi, ilizima mara ngapi, uliirudisha kwa muda gani.

Upande wa vyeti sitakaa sana. Risalti slipu na testimonio hazikubaliwi kwenye maombi ya Sekretarieti ya Ajira, tangazo linasema hivyo kila mara kwa herufi kubwa. Kama cheti kimoja kimeandikwa Mushi na kingine Moshi, tafuta hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kabla hujaitwa, usije kutulilia mlangoni asubuhi ya usaili. CCNA, kile cheti cha mitandao cha Cisco, inaisha baada ya miaka 3, ya 2018 usiiweke kama bado hai, na ukiichezea tarehe hiyo ni kughushi, kwa Kanuni ya Adhabu ni hadi miaka 7.

Domeni anza nayo wiki hii. Angalia imeili ipi inapokea taarifa za malipo, kama ni yako ya tangu chuo, ihamishe kwenda ya ofisi na uandike tarehe uliyoihamisha.