Vidonge vinne vya rangi mbili: maswali ya kila siku kliniki

Swali: Amoksilini, hizi tunazoziita rangi mbili, inaua bakteria vipi?
Bakteria ana ukuta. Unajengwa na vimeng'enya, mafundi wadogo wanaofunga nyuzi kwa nyuzi kama nondo zinavyofungwa kwa waya. Amoksilini humnasa fundi mkono. Bakteria anaendelea kukua, ukuta haufungwi, maji yanaingia, anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo zinasalimika.

Swali: Nikiwa na mafua nimeze mbili tatu?
Hapana. Mafua ni virusi, na virusi havina ukuta huo. Atanaswa fundi gani?

Swali: Nikipata nafuu siku ya pili, nibakize?
Usibakize. Dawa hii haikai mwilini. Ndani ya saa chache tu, sehemu kubwa imeshatoka na mkojo, ndiyo maana tunaandika kila baada ya saa 8. Ukiruka, mafundi wanarudi kazini. Tena wapo bakteria wenye vimeng'enya vilivyobadilika umbo, dawa haivishiki vizuri, na wengine wana kimeng'enya cha kuikata dawa yenyewe. Kwa dozi ya kuungaunga, hao ndio unaowaachia nyumba. Fleming, aliyegundua penisilini, dawa mama ya amoksilini, mwaka 1928, alilionya hili alipopokea tuzo ya Nobeli mwaka 1945. Mpaka leo mtu ananionyesha kikaratasi chenye vidonge vinne: "Nilimeza hivi, daktari, havijanisaidia."

Swali: Mwanangu anakohoa, nimpe ile ya maji iliyobaki ya kaka yake?
Hapana, mama. Hapana. Chupa iliyokorogwa mwezi uliopita imeshapoteza nguvu, na kipimo kilikuwa cha kaka yake. Kibaya zaidi ni zile siku tatu mnazosubiri "tuone kama itamkubali". Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, mlete. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, mlete leo, hata kama ni usiku. Hiyo ni nimonia mpaka tuseme siyo.

Swali: Na kufungua kapsuli, kumwagia unga kwenye kidonda?
Hapana. Unga unaganda, usaha unabaki chini. Osha kwa maji safi na sabuni, uje. Kubandua ule ukoko wa njano huwa kunauma kuliko kidonda chenyewe, halafu mnanikasirikia mimi.