Kuhamishia Windows kwenye diski kubwa: yasemwayo na yalivyo

"Kopi kila kitu cha C, bandika kwenye diski mpya, umemaliza."

Ingekuwa hivyo mafundi wangekosa kazi. C unayoiona, sehemu yenye Windows, siyo diski nzima. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 kuna patisheni (kipande cha diski) ndogo, mara nyingi ya MB 100, isiyo na herufi wala haionekani ukifungua "This PC". Humo ndimo mlimo faili za kuwashia mfumo. Ukiiacha, diski mpya itakuwa na picha zako zote na kompyuta haitawaka nayo. Tena faili za rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, hushikiliwa muda wote Windows ikiwa kazini, kwa hiyo hazikubali kukopiwa hivi hivi. Programu kama Clonezilla huwashwa kutoka kwenye fleshi, Windows ikiwa imezimwa, ikanakili patisheni zote.

"Lazima upigiwe Windows upya, na leseni itapotea."

Kwa mashine iliyojaa virusi, kupiga upya ni sawa, maana kloni, yaani nakala kamili ya diski, hubeba na uchafu. Mashine isiyo na tatizo haihitaji. Leseni ya kidijitali nayo hufuata zaidi ubao mama, bodi kuu ya kompyuta. Kubadili diski peke yake kwa kawaida hakuigusi.

"Nimekloni GB 240 kwenda TB 1, C imebaki vilevile. Nimeuziwa feki!"

Hapa ndipo wengi hukwama. Programu nyingi za kukloni hunakili patisheni kwa ukubwa ule ule, na nafasi ya ziada hubaki mwishoni bila kugawiwa. Unafungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kupangia diski, unabofya C kwa kitufe cha kulia, unakuta "Extend Volume" imefifia. Kinachozuia ni patisheni ya urejeshaji (ya kuirekebisha Windows ikiharibika), ya MB mia kadhaa, iliyokaa katikati ya C na ile nafasi tupu. Disk Management huongeza C kwa nafasi iliyopakana nayo upande wa kulia tu. Isogeze patisheni hiyo ya urejeshaji hadi mwisho wa diski kwa GParted, programu ya kupangia patisheni, kisha rudi uongeze C.

Na TB 1 kusomeka GB 931 siyo wizi: kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Feki unayopaswa kuiogopa ni ile diski ya nje ya "TB 16" inayouzwa kwa bei ya fleshi.

"Diski yoyote kubwa itafaa."

MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, huishia TB 2. Ukikloni mfumo wa MBR kwenda diski ya TB 4, karibu nusu haitatumika mpaka ubadili kuwa GPT, mpangilio mpya zaidi. Windows 10 ina programu ya mbr2gpt kwa kazi hiyo tangu 2017, ila ubao mama uwe na UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Angalia na tundu la M.2, la diski bapa kama kadi, pia: mengine hupokea diski za aina ya SATA tu, mengine za NVMe tu.

"Ziache zote mbili ndani, uone kama imekubali."

Usifanye hivyo. Kloni ina kitambulisho kile kile cha diski mama, na Windows ikikuta mbili zinazofanana huiweka moja kando. Zima mashine, chomoa ya zamani, washa na mpya peke yake. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data ya diski, imewashwa, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla hujagusa bisibisi. Ya zamani usiifute bado. Iweke kabatini wiki kadhaa, mpaka umefungua kila programu unayoitegemea.