Mamlaka kuu ya pamoja: fikra ya Johannes Althusius

Mamlaka kuu ya pamoja ni fikra kwamba uwezo wa mwisho wa kutawala si mali ya mfalme. Ni wa jumuiya nzima, iliyojipanga katika jumuiya ndogondogo zilizokubaliana kuishi pamoja. Aliyeijenga kwa kina ni mwanasheria Mjerumani, Johannes Althusius, katika kitabu chake Politica cha mwaka 1603.

Alikuwa akimjibu mwanasheria Mfaransa, Jean Bodin. Mwaka 1576, Ufaransa ikichinjana kwa sababu za dini, Bodin aliandika kwamba dola haisimami bila mamlaka moja isiyogawanyika. Althusius alikubali kwamba mamlaka hiyo ni moja, ila akamnyang'anya mfalme na kuikabidhi kwa wananchi kwa pamoja. Mtawala kwake ni msimamizi aliyepewa dhamana kwa mkataba. Akiuvunja, wapo viongozi waliowekwa kumzuia, hata kumwondoa.

Wananchi hao ni akina nani? Hapa ndipo penye uzito wote. Familia na vyama vya mafundi na wafanyabiashara huunda mji. Miji huunda jimbo. Miji na majimbo huunda dola. Kwa hiyo wanachama wa dola ni miji na majimbo, wala si mtu mmoja mmoja. Kila ngazi ina sheria na viongozi wake, na ile ya juu haina haki ila ile iliyokabidhiwa kutoka chini. Hata jimbo linaloonewa na dhalimu aliliruhusu kujitoa.

Hayakuwa maneno ya darasani tu. Jirani zake, majimbo ya Uholanzi, yalikuwa yameungana huko Utrecht mwaka 1579, na mwaka 1581 yakamkataa Mfalme Philip II wa Hispania. Mji wa Emden, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, nao ulimwasi mtawala wake mwaka 1595. Mwaka 1604 ulimwajiri Althusius kuwa mwanasheria wake, naye akatetea haki za mji huo hadi alipofariki mwaka 1638.

Tusimfanye mwanademokrasia wa leo, hata hivyo. Kwa kuwa jumuiya ndiyo inayosema, sauti ya mtu hupita kwa kiongozi wa kundi lake, na ndani ya familia kiongozi huyo ni baba mwenye nyumba. Mke na mtumishi hawakuwa na mlango mwingine wa kufika barazani.