Rangi Iliyofungwa kwenye Polima: Yanayodhaniwa na Yanayotokea Mwangani

Dhana: Kikundi cha rangi (sehemu ya molekuli inayofyonza mwanga) kikishaunganishwa na mnyororo wa polima, yaani molekuli ndefu kama zile za plastiki, hutulia tuli.

Hakitulii. Chukua azobenzini: pete mbili za kaboni zilizoungwa katikati na atomi mbili za nitrojeni. Gizani hukaa imenyooka. Ikimulikwa kwa miale ya urujuanimno ya nanometa 365 hivi, hupinda, na urefu wake hushuka kutoka karibu nanometa 0.9 hadi 0.55. Mwanga wa buluu huinyoosha tena. Hata gizani hunyooka yenyewe, polepole. Ndani ya plastiki ngumu pia hupinda, mradi ipate upenyo wa kujigeuza.

Dhana: Plastiki yenye rangi ikibadilika umbo mwangani, ni kwa sababu imepata joto.

Hii ndiyo dhana ninayotamani ing'oke kabisa, maana inaficha jambo la ajabu. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kuwa miale miwili ya leza ikikutana juu ya utando wa polima yenye azobenzini, huchonga matuta na mabonde yenye kina cha mamia ya nanometa. Plastiki haikuwa imelainika. Tena, mwanga ukibadilishiwa mwelekeo wa mtetemo, matuta hukua au hudumaa, na joto halijui mwelekeo! Vikundi hupinda na kunyooka mara nyingi, kila mara vikigeuka kidogo, hadi vinapolala kukingama na mtetemo, pasipofyonzwa tena mwanga. Mnyororo huvutwa navyo. Joto lina kazi nyingine: plastiki ikipashwa hadi ilainike, mara nyingi matuta hufutika.

Dhana: Kwa rangi zinazong'aa, yaani zinazofyonza mwanga kisha kutoa mwanga wao, vikundi vingi zaidi maana yake mng'ao zaidi.

Ni kweli hadi kiasi fulani tu. Vikundi vikikaribiana nanometa chache, kilichofyonza mwanga humpa jirani nishati kabla ya kung'aa, na jirani naye humpa mwingine, hadi ifike penye vikundi vilivyobanana na kuishia kuwa joto. Kwa njia aliyoieleza mwanasayansi Mjerumani Theodor Förster, umbali ukiongezeka maradufu, kasi ya kupokezana hushuka mara 64. Ndiyo maana wanakemia hupanga kwa makini nafasi kati ya vikundi.

Dhana: Rangi iliyogeuka mwangani imeharibika.

Iweke gizani kwanza. Azobenzini iliyopinda itarudia rangi yake. Iliyovunjwa na oksijeni kwa msaada wa mwanga haitarudi.