Vifupisho Havikuzaliwa na Simu za Mkononi
Imani kwamba vijana wenye simu ndio waliobuni vifupisho vya Kiingereza na Kijerumani imeenea mno, nao hulaumiwa bila haki kwa kuziharibu lugha hizo. Tarehe 9 Septemba 1917, miaka 75 kabla ya ujumbe mfupi wa kwanza wa simu kutumwa nchini Uingereza, Admirali John Fisher wa jeshi la majini la Uingereza, mzee wa miaka 76, alimwandikia Winston Churchill barua yenye herufi O.M.G., akazifafanua papo hapo kuwa ni “Oh! My God!”, mshangao wa kumtaja Mungu. Wajerumani nao walikwisha kuzoea kuandika “usw.”, yaani “na kadhalika”, hata vitabuni. Kikomo cha herufi 160 kwa kila ujumbe kiliichochea tu desturi iliyokuwapo.