Zanzibar: vuli si masika

Wengi wanaopanga safari ya Zanzibar huikwepa Novemba wakidhani mvua ni mvua tu. Sivyo. Inayovuruga safari ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Aprili hunyesha mfululizo na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mvua ya vuli, Novemba na Desemba, mara nyingi hushuka kwa muda mfupi, kisha jua likarudi, na wageni bado ni wachache hadi Krismasi inapokaribia.

Upepo ndio unaosahauliwa, nami naupa uzito zaidi. Juni hadi Septemba kusi huvuma: joto hupungua, ila bahari ya Paje, pwani ya mashariki, huchafuka. Mwogeleaji atapata maji matulivu zaidi Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Januari na Februari ni kaskazi, joto hupita nyuzi 30.