Hopsi Zisifike Kwenye Kipozeo

Unapotengeneza bia, kipozeo cha mabamba hupoza lita 20 za maji ya kimea (maji matamu ya nafaka iliyooteshwa, yatakayochachushwa kuwa bia) kwa dakika chache, lakini njia zake za ndani ni nyembamba sana na hakifunguki. Mabamba yamelehemiwa kwa shaba, kwa hiyo kikiziba hakuna pa kuingiza brashi. Ndiyo maana nasisitiza uchujaji wote wa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, ufanyike ndani ya sufuria, kabla maji hayajafika kwenye pampu inayoyasukuma hadi kwenye kipozeo.

Angalia kwanza hopsi ulizonazo. Maua mazima yaliyokaushwa hutulia juu ya wavu wa kwenye koki, nayo yenyewe yakawa chujio. Vidonge ni hopsi zilizosagwa na kushindiliwa. Vikiingia kwenye maji yanayochemka hulainika mara moja na kuwa unga wa kijani, kisha unga huo ukashikamana na protini zilizoganda. Chota kijiko cha maji ya chini ya sufuria uyaangalie kwenye mwanga: utaona chembe za kijani zimenasa kwenye mabonge meupe kama yai lililovurugwa. Tope hilo likifika kwenye wavu wa koki, hunata na kuufunga kabla sufuria haijafika nusu.

Kwa vidonge natumia kikapu cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya mikroni 300 hadi 400 (milimita 0.3 hadi 0.4), kinachoning'inia hadi karibu na kitako cha sufuria. Kiwe kipana, maana vidonge hufura sana. Usivutiwe na wavu wenye matundu madogo zaidi: huziba, maji ya ndani yakaacha kuchanganyika na ya nje, na uchungu wa bia ukapungua. Kila baada ya dakika chache kinyanyue kidogo. Maji yakichelewa kushuka ndani yake, kwangua wavu kwa mwiko. Ukitumia mfuko wa kitambaa badala ya kikapu, ongeza hopsi za uchungu kwa takriban asilimia 10.

Zikibaki dakika 10 moto uzimwe, tia nusu kidonge cha karagini kwa lita 20. (Karagini hutokana na mwani, na mwani unaolimwa Zanzibar huuzwa nje ili kutengenezea karagini.) Hukusanya protini zikawa mabonge mazito yanayozama.

Ukishazima moto, toa kikapu, kisha koroga kwa mwiko mrefu upande mmoja, ukipita karibu na ukingo, kwa dakika moja au mbili mpaka maji yote yazunguke. Funika na usiguse kwa dakika 15 hadi 20. Mzunguko unapopungua, tope hujikusanya katikati ya kitako. Bomba la kunyonyea lielekezwe ukingoni, lisikae katikati. Kubali kuacha lita moja hadi mbili chini. Kuzikamua hizo ndiko kunakoziba vipozeo vingi.

Wengi huweka chujio dogo kabla ya pampu, na hapo hukosea. Maji yaliyo karibu na nyuzi 100 yakinyonywa kupitia njia iliyobanwa hugeuka mvuke, na pampu ikazunguka bila kusukuma. Upande wa kuingilia uwe wazi kabisa, mpira mpana na mfupi, na mwendo upunguzwe kwa koki iliyo baada ya pampu. Anza polepole. Ukifungua ghafla, mvuto huvunja kilima cha tope ulichokisubiri dakika 20 zote.

Wapo wanaopitisha maji ya kimea yanayochemka kwenye kipozeo ili kuua vijidudu. Bila kikapu, njia hiyo hupeleka hopsi moja kwa moja ndani. Ni heri kupitisha maji safi ya moto, nyuzi 80 au zaidi, kwa dakika 20 kabla ya kazi.

Mara tu maji ya kimea yakiingia kwenye ndoo ya kuchachushia, geuza mipira: maji ya moto yaingie pale maji ya kimea yalipotokea. Yapokee kwenye ndoo nyeupe. Chembe za kijani zikikoma, geuza tena, kisha rudia, kwa sababu zilizonasa kwenye kona hutoka mwelekeo unapobadilika. Halafu zungusha maji yenye sodiamu pakaboneti (unga wa kusafishia), gramu 8 kwa lita, nyuzi 60 hadi 65, kwa nusu saa, na suuza. Usikioke kwenye oveni kikiwa na mabaki, maana yatagandia kwenye mabamba. Kihifadhi matundu yakitazama chini ili maji yote yatoke.